Mgombea Anayejulikana Mtaani Kabla ya Uchaguzi



Mmetutaka jioni hii tuseme nanyi juu ya jambo moja: ni mtu wa namna gani anayestahiki kuungwa mkono anapogombea udiwani, na kumuunga mkono huko maana yake ni nini. Tungaliweza kuwatajia sifa kumi za mgombea mwema, nanyi mkapiga makofi mkaenda zenu. Tumeona ni afadhali tuwape khabari ya mtu mmoja aliye mbali nasi, ambaye hamna udugu naye wala ugomvi, ili mpate kumpima kwa utulivu pasipo kutazamana usoni.

Mtu huyo ni Bibi Jeanette Taylor wa mji wa Chicago, Marekani. Baraza la mji ule lina madiwani 50, na yeye alichaguliwa mwaka 2019 kuwa diwani wa wadi ya 20, upande wa kusini, ambako wakaazi wengi ni watu weusi, na wengi katika hao ni wanyonge wa kipato. Hakuwa mwanasheria wala mwenye majumba. Kazi yake ilikuwa kwenda mlango kwa mlango, kuwakalisha majirani pamoja, kuwauliza kinachowasumbua, na kuwapanga hata waende kwa umoja wao kukidai kwa wenye mamlaka. Wenzetu wa Marekani wanaihesabu hiyo kuwa ni kazi khasa yenye jina lake. Hapa kwetu hufanywa na katibu wa tawi, bila ya mshahara, na aghlabu bila ya asante.

Alianzia kwenye skuli. Alikuwa na umri wa miaka 19 tu alipoingia katika kamati ya skuli ya msingi ya mtaani, na akadumu humo miaka mingi. Ndipo ikaja khabari ya skuli ya sekondari ya Dyett. Skuli hiyo imepewa jina la Walter Dyett, mwalimu wa muziki aliyemfundisha Nat King Cole. Mwaka 2012 Halmashauri ya Elimu ya mji ilikata shauri kuifunga kidogo kidogo. Na halmashauri hiyo, mjue, haikupigiwa kura na mtu: tangu mwaka 1995 wajumbe wake walikuwa wakiteuliwa na Meya, na raia hawakupata kumchagua hata mmoja mpaka Novemba 2024. Mwaka 2013 zikafungwa skuli zipatazo 50 kwa mkupuo mmoja. Dyett ilizuiwa kupokea wanafunzi wapya, na ilipofika Juni 2015 waliomaliza walikuwa 13. Ukifunga mlango asiingie mtu, kisha ukawahesabu waliomo ndani, hesabu yako haitakosa kuwa ndogo.

Tarehe 17 Agosti 2015 watu 12 waligoma kula, wakiishi kwa vinywaji tu, wakidai skuli ifunguliwe kwa watoto wote wa mtaa. Bibi Taylor alikuwa mmoja wao. Kiongozi wao aliitwa Jitu Brown, jina ambalo masikio ya mtu wa kisiwani hayawezi kulipita bila ya kugeuka. Walikaa siku 34. Baadhi yao walifikishwa hospitali. Wakuu wa mji wakatangaza ya kuwa Dyett itafunguliwa, lakini iwe skuli ya sanaa, si kwa mpango walioutunga wazazi wenyewe. Ikafunguliwa mwaka 2016. Hatutawadanganya kuwa walishinda moja kwa moja. Walitaka jambo zima wakapewa nusu yake. Lakini mlango uliokuwa umefungwa ukawa wazi, na watu wa mtaa wakaona kwa macho yao nani alikaa na njaa kwa ajili ya watoto wasio wake.

Sasa sikilizeni hili, kwani ndilo lililotupendeza kuliko yote. Bwana Barack Obama, ambaye baba yake alitoka ng'ambo yetu hapa Kenya, yeye mwenyewe alikuwa mpangaji wa watu wa mitaa katika mji ule ule kabla ya kuwa Rais. Baadaye akataka kujenga jumba lake la kumbukumbu katika bustani ya Jackson Park. Wapangaji wa nyumba za karibu wakaogopa: jumba kubwa hupandisha kodi, na kodi huwahamisha masikini. Wakaomba mkataba wa maandishi wa kuwalinda. Mwaka 2017, katika mkutano wa hadhara, Bibi Taylor alisimama akamuuliza kwa nini hautii saini mkataba huo. Bwana Obama akajibu kuwa yeye naye alikuwa katika kazi hiyo, na anajua kuwa yatatokea makundi mengi, kila moja likidai ndilo lisemalo kwa niaba ya wenyeji. Hoja hiyo haikosi ukweli. Lakini mwenye kuogopa kutolewa nyumbani hatulizwi na hoja. Hutulizwa na karatasi.

Kumuuliza adui hadharani ni jambo jepesi. Huyu alimuuliza mtu anayependwa na mtaa mzima, naye mwenyewe akiwamo.

Uchaguzi ulipofika, diwani aliyekuwapo alikuwa ameshitakiwa, na Machi 2019 akakiri mahakamani kosa la udanganyifu. Bibi Taylor aliungwa mkono na chama cha walimu na jumuiya za wafanyakazi. Katika duru ya pili, tarehe 2 Aprili 2019, alipata kura karibu sita katika kila kumi. Madiwani wa mrengo wake walikuwa sita katika baraza la watu 50.

Sita katika hamsini! Hapo ndipo kazi ya wafuasi ilipoanza. Lau wangalilala baada ya sherehe, angalibaki akipiga kelele peke yake. Waliendelea kuandamana na kuhudhuria mabaraza, hata Septemba 2020 ikapita sheria ndogo ya kuwalinda wapangaji wa Woodlawn: katika viwanja 52 vya mji, asilimia 30 ya nyumba mpya za kupanga ziwe za watu wa kipato kidogo. Walikuwa wameomba zaidi.

Wala mambo hayakuwa asali baada ya hapo. Mwanzoni mwa 2023 mji uliligeuza jengo la skuli iliyofungwa ya Wadsworth kuwa makaazi ya wahamiaji. Wenyeji wakakasirika, na yeye akawa katikati, akiulaumu mji kwa kuamua bila ya kuwauliza wenyeji huku majirani zake wenyewe wakimkemea. Mwaka huo huo akachaguliwa tena.

Basi, ndugu, kila tawi lituletee majina katika mkutano ujao. Pembeni ya kila jina liandikwe jambo moja ambalo mtu huyo amelifanya mtaani kabla hajafikiria udiwani, na majina ya majirani wawili waliokuwapo. Chini yake waandikwe wanachama watakaokwenda naye barazani baada ya kushinda. Jina litakalokuja bila ya hayo tutalirejesha tawini.