Namba ndogo ubavuni mwa tairi

Dereva anayenunua tairi hutazama saizi, kashata na bei. Namba inayofuata saizi huiacha, na ndiyo inayobeba familia yake.

Chukua tairi la 225/65R17 102H, linalofungwa kwenye Toyota RAV4 nyingi. Hiyo 102 ni kiwango cha mzigo: tairi moja huhimili kilo 850. Herufi H ni kikomo cha mwendo, kilomita 210 kwa saa. Tairi likiwa na 98, uwezo hushuka hadi kilo 750. Yaani kilo 100 zimepotea kwa kila tairi, na kwa macho tofauti hiyo haionekani.

Namba sahihi imo kwenye stika iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kwenye kitabu cha gari. Kupanda juu yake ni sawa. Kushuka chini ni hatari, hasa gari likiwa na abiria watano, mabegi nyuma na magunia kwenye keria.

Upepo nao ni sehemu ya hesabu. Tairi lenye upepo pungufu halibebi uzito lilioandikiwa: ubavu hujikunja kila mzunguko, joto hupanda, nyuzi za ndani zikaachana na mpira. Mwaka 2000 huko Marekani, kampuni ya matairi ya Firestone iliagiza kurudishwa kwa takriban matairi milioni 6.5 baada ya kashata kubanduka barabarani, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer. Kasoro za tairi, upepo mdogo na joto vilitajwa katika mjadala huo.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa bado baridi.