Serikali ya Kaunti na Kazi ya Kuzima Moto Mashambani

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na wenye mashamba wa upande wa Kieni, katika Kaunti ya Nyeri.

Nimeombwa niseme habari ya moto. Katika sehemu hii jambo hilo halisemwi kwa haraka, maana tumekaa hapa pamoja na watu ambao majonzi yao hayajakwisha. Kwa hiyo nitasema polepole.

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, bweni la wavulana la shule ya Hillside Endarasha Academy lilishika moto. Ndani yake walilala watoto zaidi ya 150. Jengo lilikuwa la mbao, na moto ukienda katika mbao huenda upesi kuliko mtu mwenye usingizi. Watoto 21 walikufa. Nchi nzima ilitangaziwa siku 3 za maombolezo. Wakubwa wa serikali walieleza kwamba mvua ilikuwa imeharibu njia, zikajaa matope, na waliokuja kusaidia wakapata shida kufika. Sikuja hapa kusema ni nani aliyekosa. Kazi hiyo ni ya wachunguzi na ya mahakama. Nimekuja kusema habari ya njia, na ya maji, na ya mlango, kwa kuwa katika mambo hayo sisi wenyewe tuna neno la kusema, na mahali pa kulisema pako.

Kwanza yafaa tujue kazi ya kuzima moto ni ya nani. Mabaraza ya wenyeji yalipoanza kukutana mwaka wa 1925, chini ya sheria ya mwaka uliotangulia, wazee walikusanya fedha na kuzitumia kwa shule, zahanati na barabara. Moto haukuhesabiwa kuwa jambo la baraza. Nyumba ya mtu ilisimama katika shamba lake, ikiungua iliungua peke yake, na majirani walikuja na vibuyu. Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu walihamishwa kwa amri wakakusanywa vijijini, nyumba za nyasi zikakaribiana, na kila mama aliyewasha jiko alijua hatari yake. Hata baada ya uhuru, gari la kuzima moto liliendelea kufikiriwa kuwa kitu cha mji, kama taa za barabarani. Aliyekaa mashambani hakulitazamia.

Mambo hayo yalibadilika kwa Katiba ya mwaka 2010. Katika orodha yake ya nne, huduma za kuzima moto na kukabili maafa zimewekwa wazi kuwa kazi ya serikali ya kaunti, na serikali hizo zilianza kazi mwaka 2013. Basi tangu mwaka huo mkulima wa Mwiyogo ana haki ile ile aliyo nayo mwenye duka wa Nyeri mjini. Haki hiyo imeandikwa. Lakini gari halisafiri juu ya karatasi.

Tufanye hesabu kidogo. Gari likichukua lita 5,000 za maji, na mpira wake ukitoa lita 500 kila dakika, maji yote yamekwisha katika dakika 10. Baada ya hapo gari hilo ni lori tupu, mpaka lipate mahali pa kujaza. Mjini laweza kupata. Huku kwetu mabomba ya miradi ya maji ni membamba, na mwezi wa Februari mengi yamekauka. Mto uko chini ya bonde ambamo gari haliwezi kushuka. Tena hesabuni safari yenyewe: simu ipigwe, watu waamke, gari lipande kutoka mjini usiku katika mvua. Bweni la mbao halihitaji muda mrefu hivyo, na moshi hutangulia mbele ya moto.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba kila wadi ipewe gari lake. Kaunti yetu ina wadi 30. Magari 30 yatakabidhiwa kwa sherehe, yatapigwa picha, kisha mengine yatasimama chini ya mti yakingoja dereva, au betri, au mafuta. Mimi ningeomba vitu visivyopendeza machoni. Ningeomba tangi kubwa la maji katika kila soko la Kieni, lenye kiungo cha bomba kinacholingana na mpira wa gari la kaunti, maana tangi lisilolingana na mpira halina faida. Ningeomba vifusi na mifereji katika zile njia ndogo zinazokwenda mashuleni, nazo njia za kaunti ni mzigo wa kaunti. Na ningeomba vijana 10 au 12 wa kila sehemu wafundishwe kazi, wapewe pampu ndogo ya kuchukuliwa kwa pikapu, na walipwe wanapoitwa.

Mtu asiseme kwamba vijana wa kwetu hawawezi. Moto ulipoingia katika msitu wa Mlima Kenya mwaka 2012, na katika Nyandarua mwaka 2022, ulizimwa na nani? Askari wa misitu na wa wanyama walikuwapo, lakini pamoja nao walipanda wenyeji wa kando ya msitu, wakiwa na mapanga na matawi mabichi, wakikata njia ya kuuzuia. Kazi hiyo wanaijua. Wanachokosa ni mafunzo ya moto wa majengo, ambao ni moto wa namna nyingine, na vifaa.

Sasa nije kwenye mlango. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kuzima moto ni kazi ya kaunti, lakini shule za msingi na za sekondari ni kazi ya Wizara ya Elimu, iliyo chini ya serikali kuu. Mzazi akienda ofisi moja huambiwa aende ya pili. Jueni basi kwamba Wizara ilitoa kitabu cha kanuni za usalama mashuleni mwaka 2008, nacho hakina fumbo. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 au zaidi, nao ufunguke kwa nje. Usifungwe kutoka nje wakati wanafunzi wamo ndani. Bweni liwe na mlango kila upande, na wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2.

Kanuni hizi ziliandikwa baada ya misiba, si kabla. Katika Shule ya Sekondari ya Nyeri, mwezi wa Mei 1999, viranja 4 walichomwa katika chumba chao walipolala. Kule Kyanguli, Machakos, mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni moja. Kitabu kipo, na futi ya kupimia huuzwa dukani. Mzazi anayempeleka mtoto bwenini na aombe kuonyeshwa mahali atakapolala, apime mlango, ausukume aone unafungukia wapi. Mwalimu mkuu mwema hatakasirika. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Mwisho ni habari ya kuomba. Bajeti ya kaunti haifanywi siku moja. Waraka wa makadirio ya mipango ya fedha hufika Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio yenyewe hufika kabla ya mwisho wa Aprili. Na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sheria ya mwaka 2012 yasema wananchi waulizwe maoni yao kabla ya kupitishwa. Anayekuja kulalamika mwezi wa Agosti amechelewa mwaka mzima. Tena katika mikutano hiyo twajuana: kila mtu hutaja barabara ya kwake, na moto hautajwi na mtu, kwa kuwa hauko siku hiyo.

Nimeandika ombi la kurasa mbili, nalo liko mezani kwa Mwenyekiti. Ndani yake mna tangi, njia, na vijana, sikuandika gari. Wasiokubaliana nami juu ya gari waseme sasa, tulirekebishe kabla watu hawajatia sahihi, ili mjumbe wetu alichukue kabla ya Februari. Anayetaka kulisoma polepole akae karibu na dirisha, kwa maana taa ya ukumbi huu ni hafifu.