Mti Usio na Kivuli: Asili katika Upambaji wa Hoteli za Kariakoo na Katikati ya Jiji



Jijini Dar es Salaam, anayetoka Posta kuja Kariakoo kwa miguu hukutana na majina ya miti mengi kuliko miti yenyewe: Mtendeni, Mnazi Mmoja, Mchikichi, Mkunguni. Mkungu wa Mkunguni mimi sijauona. Ninachokiona ni fremu za maduka, na juu yake ghorofa za kulala wageni, nyingi zikiwa za kwenu, wamiliki wa hoteli na gesti mlioketi hapa.

Nimeombwa nizungumzie upambaji wa ndani unaoiga asili. Umekuwa mtindo. Mteja huja na simu mkononi, akanionyesha picha ya mapokezi ya hoteli ya Singapore, ukuta mzima umevikwa majani. Siku tatu baadaye nampigia, kumbe ameshamaliza: ameingia maduka ya mapambo, amebeba mabunda ya nyasi bandia na kamba za majani ya plastiki, na fundi ameshazibandika kwa gundi.

Mwaka jana nililala usiku mmoja katika gesti ya namna hiyo. Sitaitaja. Ukutani palikuwa na picha ya maporomoko ya maji yenye taa kwa nyuma, na juu ya kitanda majani ya plastiki yenye vumbi la kutosha kuandikia jina. Nikavuta pazia nione nje: ukuta wa jirani, umbali wa kunyoosha mkono, na dirisha lenyewe halifunguki. Saa nane usiku umeme ukakatika. Maporomoko yakazimika, kiyoyozi kikazimika, nikabaki na joto na harufu ya gundi. Asili yote ya chumba kile ilikuwa ikitegemea LUKU.

Watu huupenda mti kwa sababu unapoza mahali, unatoa kivuli na unapitisha upepo. Mpambaji akichukua sura ya mti akaiacha kazi yake, amemuuzia mwenye hoteli picha. Hiyo ndiyo hoja yangu leo, na walimu wa kunisaidia kuieleza wako jirani.

Mwavuli wa Amuli

Mwalimu wa kwanza ni Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Msanifu wake, Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea fani hiyo Israel, alisimamisha nguzo za zege zinazopanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa. Ukisimama chini yake unaelewa mara moja: ni soko chini ya miti, kama magulio yetu ya zamani. Hakuna jani lililochorwa popote. Lakini paa linatoa kivuli, hewa inapita, na mvua ikinyesha maji hukusanywa na paa hilo hilo yakateremshwa chini kuhifadhiwa. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 ulituumiza sote, na hata hivyo ukimuuliza mgeni Kariakoo inafananaje, atakuchorea miavuli ile.

Sasa tazama hoteli zetu zinazolizunguka soko hilo. Ghorofa ya chini imepangishwa kwa wenye maduka, na sikulaumu, kodi ya fremu ndiyo inayolipa mkopo wa benki. Mapokezi yamepandishwa juu kwa ngazi nyembamba. Ua hakuna. Kwa hiyo mahali pekee upepo wa kusi unapofika ni juu kabisa kwenye zege, na pale tumeweka matanki ya maji na kamba za kuanikia mashuka. Mimi ningeanza hapo. Acha matanki upande mmoja, ezeka sehemu iliyobaki, jenga baraza la kukalia, zungusha ukuta wa matofali yenye matundu ili upepo uingie na mtu asidondoke. Mfanyabiashara wa Lubumbashi au Moroni aliyeshinda akihesabu robota zake tangu asubuhi atapanda pale jioni kunywa chai, na kesho kutwa atamweleza mwenzake. Fedha iliyokwenda kwenye nyasi bandia ingelianza baraza hilo.

Upana wa boriti

Mwalimu wa pili ni nyumba ya mawe ya pwani, ya Lamu, Unguja, Bagamoyo. Dari yake ilibebwa na boriti za mikoko, zilizovunwa kwenye delta kama ile ya Rufiji, na boriti haikuruhusu chumba kipanuke zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi. Mkoko ndio uliokuwa ukiamua upana wa sebule ya tajiri na ya mtu wa kawaida. Nimepima vyumba kadhaa vya gesti za Kariakoo na upana wake hauko mbali na huo. Kwa nini basi chumba cha Lamu hakikubani kifua na chetu kinabana?

Wazee wale walikipandisha chumba kwenda juu. Hewa ya moto ilikuwa na pa kwenda. Walipaka chokaa nyeupe inayosambaza mwanga kidogo ulioingia kutoka uani, wakachimba zidaka ukutani, jicho likapata kina mahali ambapo mguu haukuwa na nafasi. Sisi tunajenga dari ya mita tatu, kisha tunaishusha kwa jipsamu yenye ngazi mbili na taa za rangi, tukitafuta hadhi. Tumeuza hewa tukanunua urembo. Katika chumba chembamba mimi huing'oa jipsamu kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine, na mafundi wangu wameshazoea kunisikia nikigombana na wenye nyumba juu ya jambo hilo.

Zidaka tunaweza kuzijenga hata leo kwenye tofali la kawaida: moja ya simu na miwani, moja ya mtungi wa maji. Mkeka wa ukindu ukutani, nyuma ya kichwa cha kitanda, hupunguza mwangwi wa chumba chenye marumaru kila upande. Kitanda cha mninga fundi wa mtaani anakijua. Na makuti? Nayapenda, lakini katikati ya jiji, ghorofa zikiwa zimesongamana hivi na nyaya zinaning'inia, siyashauri hata kidogo, kwa hofu ya moto. Hayo majani ya plastiki nayo yanawaka vilevile, na moshi wake ni mbaya zaidi.

Wapo watakaosema mteja wa gesti hajali haya. Jibu langu linatoka hospitalini. Mwaka 1984 Mmarekani Roger Ulrich alichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali moja ya Pennsylvania. Aliwalinganisha wagonjwa waliopasuliwa nyongo: nusu madirisha yao yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache. Nikisoma habari ile nafikiria dirisha la gesti ile niliyolala. Ukuta wa matofali tunao. Kama jirani hawezi kuhamishwa, basi nafasi ile ya mkono mmoja ipakwe chokaa ivute mwanga, itundikwe mimea michache, na dirisha lifunguke.

Majani ya kwetu

Kuhusu mimea hai nitasema kidogo, maana hapa ndipo aibu ilipo. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao mbegu za ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Leo Saintpaulia limekaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na sisi mapokezi yetu yana waridi la plastiki. Dar ina joto mno kwa ua hilo, nakubali. Lakini upo mmea mwingine, Zamioculcas, wenye asili ya ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki hadi kusini. Huko nje wengine huuita kito cha Zanzibar. Huvumilia giza la korido, huvumilia mhudumu anayesahau kumwagilia, kwa sababu hujiwekea maji kwenye viazi vyake chini ya udongo. Kwa hoteli za Kariakoo sijaona mmea unaofaa kuliko huo. Watoto tu wasiutafune.

Onyo moja. Dengue ilipozuka Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019, mbu wake alikuwa yule anayetaga kwenye maji kidogo yaliyotuama, kisahani cha chungu cha maua kikiwemo. Jazeni mchanga kwenye visahani hivyo, au viondoeni.

Mlangoni nimeacha ndoo yenye majani ya Zamioculcas niliyokata asubuhi. Kila mmoja achukue moja akalichomeke kwenye udongo wenye mchanga, kivulini. Litakaa miezi kadhaa kama halifanyi kitu. Msiling'oe kulitazama.