KIJANA, UMEFIKIRIA KAZI YA MAABARA?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wao baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhani)



Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, nashukuru kupewa nafasi hii. Najua koo zimekauka na harufu ya sambusa ishaanza kutoka majumbani, kwa hivyo sitawachosha.

Nikiuliza hapa nani ataka kuwa daktari, mikono mingi itapanda. Nikiuliza nani ataka kuwa mtaalamu wa maabara, mtaangaliana. Lakini hebu fikiria. Umempeleka mtoto hospitali ana homa. Daktari amwangalia, kisha aandika karatasi: nenda mkapime damu. Pale kwenye kidirisha, mtoto anapodungwa kidole akalia, ndipo jibu linapoanza kutafutwa. Daktari naye anangoja. Akiletewa jibu la makosa, hata dawa yaweza kuwa ya makosa.

Nyuma ya kidirisha kile twafanya nini? Chukua malaria. Damu hupakwa kwenye slaidi, sehemu moja nzito na moja nyembamba. Ile nyembamba hutiwa methanoli ili seli zishike kwenye kioo. Ile nzito haitiwi, kwa sababu twataka seli nyekundu zipasuke vimelea vibaki wazi. Kisha hutiwa rangi ya Giemsa, halafu huwekwa kwenye darubini inayokuza mara 1,000. Kabla hujaandika kwamba hakuna malaria, watakiwa upitie angalau sehemu 100 za ile damu nzito. Mia moja, si kumi! Na foleni ni ndefu, umefunga, na hapana mtu anayekuhesabia. Hapo ndipo amana ya mtu inapopimwa.

Na malaria ni kipimo kimoja tu. Kuna makohozi ya TB, choo, mkojo, sukari, na kulinganisha damu ya kuongezewa mgonjwa.

Sasa njia yake ni ipi? Kwa diploma ya KMTC, chuo cha serikali kilichoanza mwaka 1927, huangaliwa matokeo yako ya KCSE. Kwa hivyo wewe uliye shule, usiikimbie sayansi ukasema ni ngumu. Na nyinyi wa mtaala mpya, mnapochagua mkondo wa Gredi ya 10, njia yenu ni STEM. Diploma ni miaka 3, darasani na wodini, na baadaye waweza kuendelea na digrii. Hapa Pwani Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kinafundisha fani hii. Wazee wetu wakikijua kwa jina la MIOME, chuo kilichojengwa kwa ajili ya elimu ya Waislamu. Mwaka 1972 kikawa Polytechnic, na 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Mlango huo ulifunguliwa na waliotutangulia, sisi twangoja nini?

Lakini wazazi, hapa nataka mnisikilize sana. Cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Kuna bodi iliyowekwa na sheria ya mwaka 1999, inaitwa KMLTTB. Hiyo ndiyo inayoidhinisha vyuo, inayosajili wahitimu na kutoa leseni ya kazi, ambayo huhuishwa kila mwaka. Bila usajili huruhusiwi kugusa sampuli ya mtu.

Jirani yangu mmoja, mjane, aliuza vidani vyake vya harusi akamlipia bintiye chuo kimoja cha ghorofani. Jina silitaji. Msichana akasoma miaka miwili, koti jeupe, picha ukutani. Alipokwenda kujisajili akaambiwa chuo hakikuidhinishwa kwa kozi ile. Vidani vilikwenda na miaka ikaenda. Ilibidi aanze upya kama mtu aliyetoka shule jana. Basi kabla hujatoa shilingi ya kwanza, iulize bodi yenyewe: chuo hiki kimekubaliwa kwa kozi hii? Usitosheke na bango la barabarani, wala na maneno matamu ya karani wa kuandikisha.

Dada zangu, msiogope. Hijabu haizuii kazi hii. Ingiza ncha za mtandio ndani ya koti, uzifunge vizuri zisikaribie moto wala kemikali, ufanye kazi yako.

Nimalize kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini, Ramadhani kama hii, nilichukua damu za wanawake wawili wa jina moja hadi jina la baba. Si mnajua sisi na akina Fatma Ali. Kwa haraka sikuandika chupa pale kitandani, nikasema nitaandika mezani. Mkubwa wangu aliona majina yale akaniuliza: "Kijana, chupa hizi umeziandikia wapi?" Nikanyamaza. Akanirudisha wodini nikachukue damu upya. Ndipo ikaonekana nilikuwa nimezibadilisha. Mmoja alikuwa kundi O, mwingine B, na yule wa O ndiye aliyekuwa angojea kuongezewa damu. Angepewa ya B angeweza kufa, nami ningekuwa nimekwenda kufuturu bila habari. Tangu siku ile siondoki kitandani kwa mgonjwa kabla ya kuandika chupa, na jina namuuliza mwenyewe alitaje.

Na nyinyi wazee wa kamati, mwezi huu wa kutoa, mkumbukeni kijana aliyeitwa chuoni akakosa karo. Basari za kaunti pia tuulizie mapema, tusingoje muda upite halafu tulalamike.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, awape wagonjwa wetu shifaa, na awajaalie vijana hawa elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.