Kizunguzungu cha Uzeeni



Leo tuna neno kwa wazee wetu, na kwa wale wanaokaa nao. Tunapozuru nyumba za Wakristo twasikia sana lalamiko hili: kichwa chazunguka. Mama ageuka kitandani alfajiri, na nyumba nzima yazunguka naye. Baba ainuka kitini, macho yaingia giza, ashika ukuta. Baada ya miezi michache mahali pake kanisani pako wazi. Akiulizwa, asema ni baridi, au ni miguu. Kumbe aogopa kuanguka mbele ya watu, wakamdhania amelewa.

Hofu hiyo si ya bure. Katika 1 Samweli 1, Eli kuhani alimwona Hana akiomba kwa midomo tu, akamdhania mlevi. Tena pale pale mahali pa sala! Na Eli huyo, katika sura ya 4, akiwa na umri wa miaka 98, alianguka kwa nyuma kutoka kitini pake, shingo ikavunjika. Twajua nyumba yake ilikuwa chini ya hukumu. Hata hivyo, mwandishi anapoeleza anguko lenyewe, ataja uzee wake na uzito wa mwili wake. Hataji pepo.

Basi tusikimbilie kukemea pepo kabla ya kumwona daktari. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kinachotuwezesha kusimama sawasawa, nacho kina chembe ndogo mno kama za chokaa. Zikitoka mahali pake, mzee akigeuza kichwa hushikwa na kizunguzungu kikali, mara nyingi kwa muda usiofika dakika moja. Mwaka 1992 daktari Mmarekani, John Epley, alichapisha njia ya kugeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembe hizo zirudi, na wengi hupata nafuu bila kidonge cho chote. Kwa wengine ni presha inayoshuka wasimamapo, au dawa zenyewe, au kukosa maji mwilini. Maana wako wazee wasiokunywa maji jioni ili wasiamke usiku kwenda msalani. Mzee asiache dawa kwa shauri la jirani. Azitie zote mfukoni, ampelekee daktari azitazame.

Lakini kizunguzungu kikija ghafula pamoja na ulimi mzito, uso kupinda, au mkono kukosa nguvu, msingoje hata kupambazuke. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Wako pia ambao hakiwaachi kabisa. Kwao twasema: chukueni fimbo. Wanaume hasa huikataa, wakiona ni aibu. Waebrania 11 yatuambia kwamba Yakobo, alipokaribia kufa, aliabudu akiegemea fimbo yake. Hakuiweka chini kwanza ndipo aabudu.

Na sisi wenye nguvu tuna kazi. Mzee asiyeweza kupiga magoti na akae, wala asitazamwe kwa jicho baya. Kasisi na amletee mkate na kikombe pale alipo. Kijana mmoja amngoje kwenye ngazi, amwulize ataka kushikwa mkono upi, kwa maana wengine huvutwa mpaka wakaanguka! Nyumbani, mkeka unaoteleza uondolewe, na tochi iwe karibu na kitanda.

Mzee wetu unayetusikiliza, uliyeacha kuja ibadani kwa hofu hii, mwambie mchungaji wako neno lenyewe, si baridi wala miguu. Asubuhi keti kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mpaka kichwa kitulie. Kisha inuka polepole, umeshika kitu kisichotikisika. Jumapili mjukuu na akupitie mapema, kabla watu hawajajaa mlangoni.

Tuombe. Ee Bwana, uwashike mkono wazee wetu watakapoinuka kesho, na wale wanaoishi peke yao uwapelekee mtu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.