Nyumba ya Kuku ya Kuhamisha

Maneno kwa wakulima wa vijiji vilivyo karibu na migodi ya Katanga



Leo tutasema juu ya kuku. Pengine mtu atasema moyoni: «Kuku! Nani asiyejua kuku?» Ni kweli. Wazee husema, mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Kuku anajua kazi yake. Lakini sisi, je, tunajua kazi yetu kwa kuku? Asubuhi tunamfungulia mlango, mchana tunamsahau, jioni tunahesabu waliorudi. Kama wamepungua tunasema ni mwewe, ao tunamshitaki jirani. Na yule jirani naye anashitaki, kwa sababu kuku wetu wamefukua mahindi yake aliyopanda jana. Hivi kuku mmoja analeta shauri kubwa kuliko bei yake.

Sikilizeni basi. Iko nyumba ya kuku ambayo haikai mahali pamoja. Kila asubuhi inabebwa hatua chache, inawekwa juu ya majani mapya, na kuku wanahama pamoja nayo. Mtu aweza kuijenga kwa miti ya pori, kwa mianzi na kamba. Nitawaambia faida yake, kisha namna ya kuijenga, kisha namna ya kuitunza.

1. Faida yake

Nyumba isiyohama ina taabu zake. Mavi ya kuku yanajaa, utitiri na chawa wanazaana, minyoo inakaa udongoni, na vifaranga wanaharisha damu. Tena mchwa wanakula miti yake toka chini. Baada ya miaka michache inaanguka.

Nyumba inayohama haina taabu hizo nyingi. Kuku wanaacha mavi yao nyuma, wanakwenda kwenye udongo safi. Mchwa hawapati siku za kuizoea, kwa maana kila siku haipo pale walipoifuata. Na mavi hayapotei. Kuku mkubwa anatoa karibu gramu 100 kwa siku. Kuku saba kwa mwezi mmoja ni kilo 20 hivi, tena yametandazwa shambani bila mtu kubeba kikapu kichwani. Udongo wetu mwekundu wa nchi ya miombo ni maskini. Unapenda sana chakula hicho.

2. Fikirini kwanza yule atakayeibeba

Hili ndilo neno kubwa la maneno yangu yote, kwa hiyo nalitia mbele ya vipimo.

Katika vijiji vyetu mara nyingi baba anakwenda kwenye kazi ya madini, anarudi usiku, ao anarudi mwisho wa juma, ao mwisho wa mwezi. Nani anabaki na kuku? Ni mama na watoto. Lakini nani anajenga nyumba ya kuku? Ni baba, siku yake ya kupumzika. Naye anapenda kuonyesha nguvu zake. Anakata miti minene, anapigilia misumari mirefu, anafunika kwa bati zito, anasema: «Nyumba hii itakaa miaka kumi!» Ndiyo, itakaa, tena mahali palepale, kwa sababu mama na mtoto hawawezi kuinyanyua. Baada ya siku tatu inakuwa nyumba kama zile nyingine. Mavi yanajaa, majani yanakufa chini yake, kuku wanaugua.

Kwa hiyo, baba, usipime nyumba hii kwa mkono wako. Ukiisha kufunga mifupa yake, kabla ya kuifunika, umwite mama, umwite na mtoto aliye mkubwa. Mmoja ashike mbele, mwingine nyuma, watembee hatua kumi. Wakitua njiani, punguza miti. Wakifika wakicheka, endelea na kazi. Kisha jaribuni tena siku nyumba inapokwisha kuezekwa.

3. Miti na vipimo

Umbo lake ni kama paa la nyumba lililowekwa chini. Pande mbili zinaegemeana juu, hazina ukuta. Umbo hili lina nguvu kwa miti michache, na mvua inateremka upesi, hata majani ya kuezekea yakiwa membamba.

Pimeni hivi:

Urefu wa nyumba: mita 2 na santimetre 50.
Upana wa chini: mita 1 na santimetre 20.
Miti ya kuinama ya pande mbili: mita 1 na santimetre 10 kila mmoja.
Kimo cha katikati: kitatoka chenyewe, santimetre 90 na kidogo.

Nyumba hii inatosha majike sita na jogoo mmoja. Musitie kumi na watano kwa sababu wanaingia. Wakisongamana watanyonyoana manyoya na kula mayai yao.

Kateni miti iliyonyoka: ya chini iwe minene kama kiko cha mkono wa mtoto, mingine kama dole gumba la mtu mzima. Menyeni maganda yote, kwa maana wadudu wanaotoboa mti hujificha chini ya ganda. Ikaushwe kivulini majuma matatu. Mti mbichi ni mzito, na ukikauka kamba zinalegea. Mwanzi ni mzuri kupita yote, kama munao.

4. Namna ya kujenga

Lazeni chini miti miwili mirefu ya mita 3 na santimetre 30. Hiyo ndiyo miguu ya nyumba. Inapita urefu wa nyumba kwa santimetre 40 mbele na 40 nyuma, na sehemu zile zinazopita ni mikono ya kubebea. Laini­sheni mikono hiyo kwa kisu, isitie vibanzi viganjani.

Simamisheni jozi nne za miti ya kuinama: moja mbele, moja nyuma, mbili katikati. Juu, pale zinapokutana, pitisheni mti wa mgongo na kufunga kwa nguvu. Kamba ya ganda la muombo inafaa. Iloweni kwanza, ikikauka itakaza. Mtu mwenye waya aitumie, lakini akunje ncha zake ndani ya fundo, zisichome kuku wala mtoto.

Mbele na nyuma fungeni mti mmoja wa kukingama chini. Lakini katikati musifunge mti wa chini hata mmoja, kwa sababu siku ya kuhamisha utagonga miguu ya kuku. Miti ya katikati ikingame juu, santimetre 30 toka chini. Na hiyo ndiyo itakayochukua sakafu ya chumba cha usiku.

Chumba cha usiku kiwe nyuma, urefu wake mita 1. Sakafu ni fito zilizopangwa, nafasi ya santimetre 2 kati ya ufito na ufito, mavi yapate kuanguka chini. Juu ya sakafu wekeni miti miwili ya kulalia, iliyo laini, unene wake kama mpini wa jembe. Kuku hupenda kulala juu ya mti. Akilala juu ya mavi ataugua. Kwenye ukuta wa nyuma wekeni vikapu viwili vya kutagia, kila kimoja santimetre 30, na majani makavu ndani. Toboeni mlango mdogo nyuma ya vikapu, mama apate kutoa mayai bila kuingiza kichwa. Jioni zibeni vikapu, kuku wasilale humo.

Kati ya chumba cha usiku na sehemu ya mchana wekeni ubao wa kuteremsha, na ngazi ndogo ya kupandia. Jua likitua kuku wote hupanda wenyewe. Ninyi munateremsha ubao tu. Paka wa pori, kicheche na nyoka huja usiku, kwa hiyo chumba hiki kisiwe na tundu linaloingiza ngumi ya mtoto, na ubao ufungwe kwa kamba.

Ezekeni chumba cha usiku kwa majani makavu, unene wa santimetre 5. Musizidishe, kwa maana majani yakilowa yanakuwa mazito. Sehemu ya mchana izungushieni fito za mwanzi, nafasi ya santimetre 3, ao wavu wa chuma, mwewe asipite. Kuku mwenye vifaranga asikae humo. Vifaranga watatoka kati ya fito. Katika mwezi wa 6 na wa 7, baridi inapokuwa kali usiku, funikeni upande wa upepo kwa mkeka.

5. Namna ya kuhamisha

Hamisheni kila asubuhi, kabla ya kuwapa chakula. Kuku mwenye njaa atafuata chakula mnachokiweka mbele. Nyanyueni kidogo tu, kiasi cha upana wa vidole vinne, mwende polepole urefu mmoja wa nyumba. Musikokote, kwa maana mti wa nyuma utawaponda. Ukiisha kuitua, zunguka ukaangalie chini. Pakiwa na shimo, ziba kwa jiwe.

Pangeni safari yake. Mkienda mstari mmoja siku kumi, ni mita 25. Kisha rudini kwa mstari wa pili, ubavuni mwa ule wa kwanza. Musirudi mahali palepale kabla ya miezi miwili, majani yapate kuota na minyoo ipate kupungua juani.

Mahindi yakiisha kuvunwa, pitisheni nyumba shambani wakati wote wa kiangazi. Kuku watakula punje zilizobaki na wadudu. Mvua ikikaribia, limeni palepale mkapande. Mutaona wenyewe mahindi yaliyo kwenye njia ya kuku na yale yaliyo nje ya njia. Wakati wa mvua hamisheni juu ya majani, mahali pasipotuama maji. Juu ya lengalenga inayokaribia kuchumwa musipitishe kamwe. Mavi mabichi yataunguza majani na kuwaumiza tumbo.

Siafu wakija, tena ni faida yenu. Nyumba nyingine inangoja siafu, hii inakimbia.

6. Chakula na maji

Kuku aliyefungiwa hawezi kujitafutia vyote. Wapeni pumba za mahindi, mabaki ya bukari, majani mabichi, na mchwa. Kupata mchwa, jazeni chungu cha zamani majani makavu na mavi makavu ya ng'ombe ao ya mbuzi, yalowesheni kidogo, mukakiinamishe juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi kimejaa. Maganda ya mayai yaokeni, yapondeni, muwarudishie, yai lipate ganda gumu. Maji safi yasikosekane. Kuku saba wapeni litre 2 kila siku. Mwenye kupenda aweza kuwafungulia saa kumi jioni, watembee kidogo. Watarudi wenyewe kulala.

7. Udongo wa shaba

Hapa sikilizeni sana, ninyi munaokaa karibu na migodi. Munajua vile vilima vyetu visivyo na miti, vyenye majani na maua madogo ya zambarau tu. Wazee waliofua shaba walijua zamani kwamba pale chini iko shaba. Mti hautaki udongo ule. Basi na kuku wenu musiwapeleke pale.

Tangu mwaka 1911, tanuru la shaba lilipowashwa Lubumbashi, moshi na vumbi la madini vimeanguka juu ya udongo mahali pengi. Kuku anapochakura anameza udongo. Madini kama risasi huingia mwilini mwake, na toka kwake huingia ndani ya yai, na yai tunampa mtoto. Kwa hiyo musihamishe nyumba juu ya takataka za mgodi, wala kando ya mto unaopokea maji ya kuoshea mawe, wala kando ya njia ya malori. Mahali mnaposagia ao kuoshea mawe ya madini si mahali pa kuku. Na pipa lililokuwa na dawa za kiwandani lisiwe chombo cha maji, hata likioshwa mara saba.

Hii nayo ni faida ya nyumba inayohama: kuku anayezurura anachagua udongo mwenyewe, lakini huyu mnamchagulia ninyi.

8. Magonjwa

Sitawadanganya. Nyumba hii haizuii tauni ya kuku, ile inayoitwa Newcastle, iliyotambuliwa mwaka 1926 kule Java na kule Uingereza. Kuku anahema kwa shida, anaharisha kijani, shingo inapinda, na katika siku chache kijiji chote kimekwisha. Haina dawa ya kuponya, lakini iko chanjo: tone moja katika jicho, na kurudia kila miezi minne. Ulizeni mganga wa mifugo, na kijiji kizima kichanje siku moja.

Kuku aliyenunuliwa sokoni asiingizwe siku hiyo. Akae peke yake siku 14. Na kuku akianza kuugua, musikimbilie kuwauza wengine mjini. Mutapata franka kidogo, na mutapeleka kifo kwa mwenzenu.

Haya ndiyo maneno yangu. Nayafupisha: miti myepesi, kuku saba, hatua chache kila asubuhi, udongo safi, chanjo kwa wakati wake. Mshahara wa mgodi siku nyingine unakuja, siku nyingine haufiki. Yai haliulizi kama mshahara umefika. Baba, kata miti juma hili. Lakini kumbuka, kabla ya kuezeka, mwite mama anyanyue.