BUSTANI ILIYOKATWA KUNI



Tumeombwa tuwaeleze tuliyoyaona Ulaya. Tutaeleza jambo moja tu, maana hilo linatuhusu sote.

Sisi wawili tulikaa mwaka mmoja katika mji wa Berlin, Ujerumani, tukijifunza useremala. Jumapili moja rafiki yetu, mama mmoja mwenyeji aliyekuwa fundi pamoja nasi, alitutembeza katika bustani iitwayo Tiergarten. Bustani hiyo iko katikati ya mji, nayo inapita ekari 500. Zamani watawala waliwinda humo. Mwaka 1742 Mfalme Friedrich wa Pili aliamuru ua ubomolewe, watu wote waingie.

Tulitembea chini ya miti mikubwa. Kivuli tele, ndege wanalia. Tukamwambia, "Mama, nyinyi mna bahati. Mababu wamewaachia msitu."

Akacheka. "Mababu gani? Miti mingi hapa ni midogo kuliko mama yangu mzazi!"

Basi akatusimulia. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, mji ulikuwa magofu. Makaa ya mawe yalikuwa haba, na baridi ya kule inaua mtu. Watu wakaingia bustanini na misumeno na mashoka. Miti kama 200,000 ilikuwapo. Ikabaki kama 700 tu. Ardhi wakailima viazi na mboga. Mama yake, wakati huo mtoto, alibeba kuni kutoka humo.

Lakini hawakuishia hapo. Tarehe 17 Machi, 1949, meya Ernst Reuter alipanda mti wa kwanza. Miji mingine ya Ujerumani ikachanga miche, ikafika kama 250,000. Ndiyo hiyo tuliyoiona.

Kisha akatuuliza, "Na kwenu je, miti ikoje?"

Ndugu zetu, tulinyamaza. Tulikumbuka kilima chetu, pale juu ya chemchemi. Nani alikikata? Si mgeni. Sisi wawili tulichoma mkaa pale, tena miaka mingi. Hatukuwa na vita wala baridi. Leo chemchemi inakauka mapema, na akina mama wanaamka usiku kufuata maji mbali.

Sasa tumerudi na shauri. Mvua zijazo tupande miti. Karibu na chemchemi tusipande mikaratusi, maana inakunywa maji mengi. Tupande mikuyu na miti mingine ya asili. Miti ya kuni tuipande kando ya mashamba, ili mtu asipate sababu ya kurudi kilimani. Na mbuzi wafungwe, la sivyo tutakuwa tumewapandia chakula.

Kitalu tumekwisha kianza nyuma ya darasa hili. Tukimaliza hapa, twendeni mkakione. Mashimo ya kwanza tutachimba sisi wawili, kwa sababu deni ni letu.